Maneno ya Nyuma ya Pazia

Jumamosi ikifika, wanafunzi wa chuo kile walimwagika barabara ya ufukweni kana kwamba kuna mtu amewafungulia mlango. Wenye miguu walikwenda kucheza disko kwenye hoteli ya mwisho wa barabara. Wenye sauti, na hasa wale wasio na sauti hata chembe, walijaa kwenye baa ya karaoke. Wenye wapenzi walikaa kwenye ukuta wa bahari wakidai wanaangalia mawimbi. Waliobaki, yaani wasiojua kucheza, wasiojua kuimba na walioachwa wiki ile ile, ndio waliokuwa wateja wa chama cha maigizo.

Chama hicho kilikodi jumba la zamani la sinema, lililobanana ukuta kwa ukuta na ile baa ya karaoke. Viti vyake vya kukunja vilikuwa na tabia ya kumng'ata mtu mapaja akiinuka bila kujihadhari. Mtu akifa jukwaani, mara nyingi alikufa huku upande wa pili wa ukuta kuna mlevi anaimba wimbo wa mapenzi na kuukosea. Watazamaji walishazoea, wala hawakulalamika.

Lakini kioja cha chama kile hakikuwa ukuta. Kioja ni kwamba waigizaji wake hawakuwa wanakariri kitu. Si mstari, si nusu mstari. Msidhani ni uvivu, ingawa uvivu nao ulikuwepo wa kutosha. Lawama ni za Mwalimu. Huyu alikuwa mhadhiri wa historia aliyejipa kazi ya kuwatungia na kuwaongozea michezo yao yote, na alikuwa mtu asiyeweza kuyaacha maandishi yake yapumzike. Asubuhi mfalme ana mke mmoja, mchana ana wawili, jioni watu wakiwa wanakata tiketi mfalme ni mjane. Ukikariri, umekariri upepo. Basi wakaacha wote kwa pamoja, wakamwachia mzigo huo mtu mmoja, mnong'onezi wao.

Mnong'onezi alikuwa msichana wa mwaka wa tatu, mwembamba, mpole, na kwa ajili ya kazi yake walimwita Kinong'o. Alikaa nyuma ya pazia juu ya kreti la soda, tochi mkono mmoja, maandishi mkono wa pili, akiwarushia wenzake maneno kupitia mpasuko wa pazia, na kila mmoja akichukua kwa zamu yake. Akirusha la kwanza, mfalme analidaka. Akirusha la pili, malkia analidaka. Walikuwa wameizoea kazi hiyo mpaka maneno hayakupitia tena kichwani. Yaliingia sikioni yakatokea mdomoni, basi. Na watu wa mjini, masikini, waliwasifu vijana wale kwa kumbukumbu.

Hodari wa kudaka alikuwa Mfalme. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa na mwili, alikuwa na sauti ya kutetemesha viti, na kila mchezo Mwalimu alimpa yeye ufalme. Kuelewa anachosema hakukuwa kazi yake. Siku moja alimaliza mchezo mzima, akapigiwa makofi mpaka akainama mara tatu, kisha wakiwa wanavua nguo za jukwaani akamuuliza Kinong'o kama yule aliyemuua alikuwa ndugu yake au adui yake.

Sasa, Kinong'o alikuwa na tatizo, na tatizo lenyewe lilikuwa mama yake.

Mama alikuwa na saluni ya nywele katika mji mwingine, mwendo wa asubuhi nzima kwa basi. Miaka ya kushindana na mashine za kukaushia nywele ilikuwa imempa sauti isiyojua kushuka. Binti yake alipomwambia kwenye simu, mwaka wa kwanza, kwamba amejiunga na maigizo, Mama aliisikia habari hiyo anavyotaka yeye. Wiki ile ile kila kichwa kilichooshwa kwenye beseni la saluni kilipata taarifa kwamba binti wa mwenye saluni ni mwigizaji. Kinong'o hakukanusha. Kwanza aliona aibu, baadaye akaona raha, halafu uongo ukamzidi ukubwa. Mama akiuliza, "Umekuwa nani safari hii?" yeye anajibu, "Malkia," au "Mama mkwe," kutegemea maneno ya nani yalimpendeza zaidi. Wala hakuona kama anadanganya sana, kwa kuwa maneno ya malkia yote yalianzia kinywani mwake.

Ukweli ni kwamba alishapanda jukwaani mara moja tu. Alipewa nafasi ya jirani anayeleta habari za msiba. Akaingia, akaona watu, akakaa kwenye kiti cha marehemu, na hapo akaganda. Wenzake walimsemesha, wakamtikisa, wakampepea. Mwisho wakauendeleza mchezo wakimzunguka, na pazia lilipofungwa walimtoa yeye na kiti chake. Siku ya pili Mwalimu akampa tochi. Na kule gizani, jamani, msichana akafunguka. Alijua wapi sauti ishuke, wapi neno libanwe kidogo ndipo liachiwe, wapi mtu aachwe anyamaze mpaka ukumbi uumie. Aliipenda kazi ile kwa moyo wake wote. Alichokosa ni ujasiri wa kumwambia mama yake kwamba anaipenda kazi isiyoonekana.

Alhamisi simu ikaita.

"Mwanangu, Jumamosi tunakuja kukuona," Mama alisema. "Nafunga saluni. Nakuja na mke wa fundi cherehani na yule mwenzangu wa duka la vitambaa."

"Mama, ni mbali. Mtachoka."

"Tutachoka vizuri. Hawa wamechoka kunisikia, sasa waje waone kwa macho yao. Yule wa vitambaa ameanza kunicheka chinichini, anadhani nampamba mtoto wangu. Safari hii unakuwa nani?"

Kinong'o aliutazama ukuta wa bweni kama vile jibu limeandikwa pale. "Utaona, Mama," akasema.

Hakuogopa sana kuonekana mwongo. Uongo wa mtoto kwa mzazi husamehewa, hata kama kwanza utapigiwa kelele. Alichoogopa ni Mama kuaibika mbele ya wale wanawake wawili, halafu arudi kule awe ndiye anayechekwa ndani ya saluni yake mwenyewe, kwenye viti alivyonunua yeye, na watu anaowatengeneza nywele yeye. Asubuhi alimfuata Mwalimu akamwomba nafasi yoyote jukwaani, hata ya mtumishi anayepita na jagi.

"Isiyo na maneno," alisisitiza. "Napita tu, nashika njia yangu."

Mwalimu alivua miwani. Mchezo wa safari hii ulihusu mfalme aliyeapa kutolia maisha yake yote, ambaye inambidi amhukumu kifo mwanawe aliyeuza siri za nchi. Mwalimu alikuwa ameazimia watu walie. Hata leso alishainunua, nyeupe, kubwa, ya kuwaonyesha njia.

"Ukipita wewe na jagi," alisema, "nyuma anabaki nani? Sisi wengine wakati huo tutasema nini?"

Ilikuwa kweli tupu, na Kinong'o akarudi kwenye kreti lake.

Jumamosi jioni aliwapokea mlangoni. Mama alikuwa amependeza, nywele zimesimama imara kiasi kwamba hata upepo wa bahari ulizipisha. Wale wenzake wawili walikuwa wanakagua bango la mchezo, ambalo lilimwonyesha Mfalme peke yake, amekunja uso.

"Picha yako mbona siioni?" aliuliza mwenye duka la vitambaa.

"Bango lenyewe dogo," Mama alimjibia binti yake, haraka.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Kinong'o alifungua mdomo kabisa. Mama akamshika shavu akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mwanangu, leo nipo," na maneno yote yakarudi tumboni. Akawapeleka kwenye viti vya mstari wa pili, akawaonya kuhusu mapaja yao, akakimbilia nyuma ya pazia.

Mchezo ulianza vizuri. Yeye alirusha, wao wakadaka. Lakini kila alipopata nafasi ya kupumua alichungulia mpasuko, akamwona mwenye duka la vitambaa amemwinamia Mama sikioni, anaonyesha kidole. Mama anatikisa kichwa, siye. Mke wa fundi naye anaonyesha. Siye, yule ni mwanamume. Shingo ya Mama ilizidi kurefuka sehemu baada ya sehemu. Mara nyingine Kinong'o alipochungulia, kiti cha Mama kilikuwa kitupu, na akajituliza kwamba pengine amekwenda msalani.

Wakafika kwenye hukumu. Mwana wa mfalme, Msaliti, alikuwa amepigishwa magoti katikati ya jukwaa, amefungwa kamba, hana neno hata moja mpaka kufa kwake. Askari wawili walisimama na mikuki ya mipini ya fagio. Mfalme alikuwa kwenye kiti chake cha enzi, ambacho nacho kilikuwa kreti la soda, ila hili limefunikwa shuka jekundu. Malkia alisimama pembeni yake, amefumba macho kwa uchungu.

"Leo naihukumu damu yangu mwenyewe," Kinong'o alirusha.

"Leo naihukumu damu yangu mwenyewe," Mfalme alinguruma. Mwalimu, mstari wa mbele, akaikunjua leso.

Hapo palitakiwa kimya kirefu. Ndani ya kimya hicho mlango mdogo wa nyuma ya pazia ukafunguka, na Mama akaingia, mkoba kwapani.

Kinong'o alilelewa vizuri, na malezi ndiyo yaliyomponza. Mtoto aliyelelewa hamwoni mzazi wake akakaa kimya, hata nyumba ikiwa inaungua. Aliinuka nusu kutoka kwenye kreti.

"Shikamoo, Mama."

Jukwaani, Mfalme akamgeukia mkewe kwa uzito wote. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Mama alisema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini. "Kumbe uko huku?"

Malkia, ambaye zamu ilikuwa yake, hakufungua hata macho. "Marahaba. Kumbe uko huku?"

Ukumbi ukaguna. Kuna mmoja alicheka akajizuia, maana Mwalimu aligeuka kumtafuta. Kinong'o hakusikia lolote kati ya hayo. Masikio yake yote yalikuwa kwa mama yake, na upande wa pili wa ukuta mtu ndiyo kwanza alikuwa amekishika kipaza sauti.

"Mama, naomba urudi ukakae. Niko kazini."

"Mama, naomba urudi ukakae," Mfalme alimwamuru Malkia. "Niko kazini."

"Kazi gani hii ya kukaa juu ya kreti la soda?"

Malkia alimuuliza Mfalme swali hilo hilo, tena kwa uchungu. Bahati mbaya shuka la enzi lilikuwa limeteleza, na pembe ya kreti ilikuwa nje, ukumbi mzima unaiona. Hapo kicheko kilipasuka kisawasawa. Msaliti aliinamisha kichwa mpaka sakafuni, mabega yanamtikisika, na waliokaa mbali walidhani analia.

Mnaweza kuuliza, waigizaji wenyewe hawakushtuka? Hawakushtuka. Mwalimu alishawahi kuwafisha watu na kuwafufua ndani ya siku moja. Walijua tu kwamba amebadilisha tena. Mwenyewe alikuwa amesimama, anawapungia leso waache. Mfalme aliiona leso, akadhani anasifiwa, akazidi kutoa kifua.

"Watu wananiuliza binti yangu yuko wapi, mimi nanyoosha shingo," Mama aliendelea. "Nimefunga saluni, nimewakimbia wateja. Wamekunyang'anya nafasi? Niambie ni nani, nikamwone sasa hivi."

Malkia alipofika kwenye saluni alifungua jicho moja, kwa kuwa hakukumbuka kuwa na saluni. Lakini alilisema, akayamaliza yote bila kuacha neno, na kwenye "nikamwone sasa hivi" akakunja na mkono wa joho.

"Hakuna aliyeninyang'anya, Mama." Sauti ya Kinong'o ilianza kutetemeka. "Nilikudanganya. Mimi siigizi. Nilipanda pale mara moja, nikaganda, na tangu siku hiyo sijapanda tena. Nisamehe. Sikutaka uchekwe."

Sasa Mfalme, pamoja na kasoro zake zote, alikuwa na kipaji kimoja. Sauti aliitoa vile vile alivyoipokea. Akipewa hasira, alitoa hasira. Alipopewa mtetemo huu aliutoa hivyo hivyo, ila kwa kifua chake kile kikubwa. "Hakuna aliyeninyang'anya, Mama. Nilikudanganya." Akaendelea taratibu mpaka akafika kwenye "Sikutaka uchekwe," na vicheko vikakatika. Watu walilitazama lile jitu limekaa kwenye kreti linamwomba mama yake msamaha, na kila mmoja akakumbuka jambo lake.

Kimya hicho ndicho kilichomzindua Kinong'o. Alisikia maneno yake mwenyewe yanamalizikia kule mbele, mbele ya mji mzima. Maandishi yakamponyoka, akaziba mdomo kwa kiganja.

Jukwaani nao wakanyamaza, wanasubiri.

"Mbona wamenyamaza?" aliuliza Mama.

"Mbona wamenyamaza?" aliuliza Malkia.

Mama akasogea kwenye mpasuko, akachungulia. "Hawa wanasema ninachosema mimi?"

"Hawa wanasema ninachosema mimi?"

Mama alimtazama Malkia kwa utulivu, anavyoitazama mashine mpya ya nywele kabla hajaiwasha. Kinong'o alitikisa kichwa, akamshika mkono, akamwomba kwa macho, asithubutu kutoa sauti. Lakini Mama alikuwa amesafiri asubuhi nzima, na katika yote aliyoambiwa alikuwa amebaki na moja tu, kwamba mtoto wake amewekwa gizani. Akapeleka mdomo kwenye mpasuko.

"Askari," alisema. "Njooni nyuma ya pazia mmchukue binti yangu, watu wamwone."

Mfalme akaitoa amri hiyo kama ilivyo. Wale askari walikuwa wamesimama na fagio tangu jioni ianze bila kazi yoyote. Waliposikia wametajwa, walikurupuka. Kinong'o alipojaribu kujificha nyuma ya mkoba wa mama yake, walishamshika makwapa. Wakamsimamisha katikati ya jukwaa, karibu na Msaliti, tochi bado inawaka mkononi.

Mwanga ukampiga usoni. Macho yale yale, kimya kile kile cha mwaka wa kwanza. Mfalme, Malkia na askari walimtazama kwa matumaini, maana nyuma ya pazia sasa alibaki Mama peke yake. Mama alishayaokota maandishi, lakini tochi ilikuwa jukwaani, na hakuona hata herufi.

"Sema, mwanangu," alisema Mama.

"Sema, mwanangu," alisema Mfalme. "Sema, mwanangu," alisema Malkia. "Sema, mwanangu," walisema askari, kwa kutojua zamu ni ya nani.

Watu walicheka tena, safari hii kwa upole. Mstari wa pili, mwenye duka la vitambaa hakucheka. Alikuwa amekunja mikono kifuani, anangoja. Kinong'o alimwona. Akakiona na kiti cha mama yake pembeni, kitupu. Akajua kwamba leo akiganda, Mama ndiye atakayeibeba aibu hii miaka yote, kila asubuhi akifungua mlango wa saluni.

"Mimi ndiye ninayekaa kule nyuma," alisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Maneno yao wote nawapa mimi. Hapa mbele siwezi. Naogopa, hata sasa hivi magoti yananicheza. Kule naweza. Kule sijawahi kukosea ila leo, kwa sababu uliingia na ilibidi nikusalimie. Sikufichwa na mtu. Sitaki nafasi, sitaki picha kwenye bango. Mama, nataka kurudi kule."

Hakuna aliyerudia. Hata Mfalme alijua kwamba hayo yana mwenyewe.

Mwimbaji wa upande wa pili alikuwa amemaliza, au ameshindwa. Kisha Mama akasema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu afungue saluni alinong'ona kweli kweli, mpaka hakuna aliyemsikia ila Mfalme. Mfalme akainuka kwenye kreti. Yeye ndiye yule mfalme aliyeapa kutolia, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye ndevu za pamba.

"Basi rudi, mwanangu," alisema. "Nimekuelewa. Rudi."

Kinong'o akageuka akarudi nyuma ya pazia. Msaliti, ambaye magoti yalishamfa ganzi kwa kusubiri kuuawa, alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna mwana mwingine wa mfalme aliyebaki pale, akajiinua na kamba zake akaenda zake. Mwalimu alijifunika uso kwa leso. Mvuta pazia akaona afadhali avute. Makofi yalipigwa mpaka watu wa karaoke wakagonga ukuta kuomba utulivu.

Mama alikuwa amejisogeza kwenye kreti, amemwachia binti yake nafasi. Walikaa hapo wamebanana mpaka ukumbi ulipoanza kutoka.

Wale wawili walikuwa wanawangoja nje, kwenye ngazi. Mama alishuka amemshika Kinong'o mkono, na viganja vyao vilikuwa vimelowa jasho, la nani halikujulikana.

"Tumemwona," alisema mwenye duka la vitambaa, polepole, na kicheko chake kile cha chinichini kikiwa karibu. "Kwa hiyo yeye ndiye yule wa nyuma."

Kinong'o aliangalia ngazi. Mama alimtazama mwenye duka usoni.

"Wewe ulilia, hukulia?" alimuuliza mwenzake.

"Nililia kidogo. Pale jitu lile liliposema halikutaka mtu achekwe."

"Basi aliyekuliza ni huyu." Mama akamvuta binti yake mbele. "Wale wengine wote walikuwa wanapanua midomo. Ungewapa maneno yako wewe, wangesema bei ya vitambaa mpaka saa hizi. Anayesema pale ni mwanangu."

Mke wa fundi aliangua kicheko. Mwenye duka la vitambaa alimtazama Kinong'o upya, toka juu mpaka chini, kisha akampa mkono na kumpongeza. Kinong'o aliupokea kwa mikono miwili, akitabasamu. Alijisikia mwepesi ajabu.

Wakati huo Mfalme alikuwa anashuka ngazi, ndevu zake mkononi. Aliwasalimia wakubwa mmoja mmoja, na salamu hizo alizitoa kichwani mwake mwenyewe.

"Marahaba, baba," alisema Mama. "Umenisemea vizuri. Lakini niambie, yale machozi yalikuwa ya kweli?"

Mfalme, kwa mazoea, akamgeukia Kinong'o, akasubiri.

"Hilo jibu mwenyewe," Kinong'o alimwambia.

Alikuna kichwa. Ilichukua muda. "Yalikuwa ya kweli," alisema mwishowe. "Mama yangu mimi mpaka leo anajua nasomea udaktari. Anawaambia watu. Nasomea mapishi ya hoteli. Kila nikitaka kumwambia, sijui nianze na neno gani."

Wale wanawake watatu wakatazamana. Mama akafungua mkoba, akatoa simu yake, akamkabidhi.

"Mpigie sasa hivi," alisema. "Wewe fungua mdomo tu. Binti yangu atasimama nyuma yako."